Kompyuta Imegoma Baada ya Kupandishwa Kasi: Irudishe Hatua kwa Hatua

Alhamisi usiku, saa nne kasorobo, kijana mmoja wa Mabatini alinipigia simu. "Shikamoo kaka. Mashine imekufa, na watu wangu wanapanda meli ya Nansio Jumapili." Anahariri video za harusi na sendofu hapa Mwanza, na familia ya bwana harusi ilitaka video yao kabla ya kurudi Ukerewe. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Nikamuuliza amegusa nini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Niliingia bayosi nikapandisha prosesa na ramu." Yaani aliingia kwenye programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, akapandisha kasi ya prosesa, ubongo wa mashine, na ya ramu, kumbukumbu yake ya muda.

Sababu yake ilikuwa ya haki kabisa. Kurenda video moja, yaani kuitoa ikiwa faili kamili baada ya kuihariri, kulimla saa tano nzima, na mtaani kwao wiki ile umeme ulikuwa unakatika kabla kazi haijafika mwisho. Alitaka kazi iishe umeme ukiwa bado upo.

Naandika haya kwa aliye katika hali yake. Kabla hujashika bisibisi, lijue hili: kompyuta inayokataa kuwaka baada ya oveklokingi, yaani huko kupandishwa kasi, mara nyingi haijaungua. Imepewa maagizo isiyoyaweza, na maagizo yanafutika. Mimi inayonitia hofu zaidi ni ile inayowaka, inafungua Windows, inapiga muziki vizuri, na wakati huohuo inaharibu mafaili kimyakimya. Kwa hiyo usishangae sehemu ya mafaili nayo ikiwa ndefu.

Hatua ya 1: Chomoa, nusa, andika

Zima, kisha chomoa waya ukutani. Acha kubonyeza kitufe cha kuwashia mara ishirini ukitumaini safari hii itakubali.

Fungua kesi, sogeza pua karibu na matundu ya pawasaplai (kile kiboksi kinachogawa umeme) na juu ya madabodi (bodi kuu). Ukikuta harufu ya plastiki iliyoungua, kapasita (kile kimkebe kidogo kilichosimama kwenye bodi) iliyovimba kichwa au alama nyeusi kwenye bodi, ishia hapo, uipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia. Pawasaplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme unaoweza kuua mtu.

Kama hakuna harufu, chukua daftari uandike kila ulichobadilisha, kwa namba. Yule kijana nilimwandikisha palepale kwenye simu. Prosesa Ryzen 5 3600, ameifunga kwenye 4.4 GHz kwa volti 1.40. Ramu mbili za DDR4 zilizotengenezwa kwa 3,200 MHz, amezipeleka 3,800. Yote ndani ya siku mbili, kwa kufuata namba za mtu aliyemwona kwenye video. Orodha hiyo ilinipa pa kuanzia kabla hata sijaiona mashine. Prosesa za kizazi kile nyingi hukubali ramu ya 3,600, lakini kwenye 3,800 ile njia ya ndani inayounganisha prosesa na ramu inapaswa kukimbia 1,900 MHz, na hapo nyingi hushindwa. Kumbuka pia kwamba prosesa mbili za jina moja hazilingani, kama sangara wawili wa wavu mmoja wasivyolingana uzito. Namba zilizomfaa mwenzako si ahadi kwako.

Hatua ya 2: Jua imekwama wapi

Kama haiwaki kabisa, hakuna taa wala feni, usiilaumu kasi kwanza. Angalia soketi, waya, UPS, na ile swichi ndogo ya nyuma ya pawasaplai. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika huua pawasaplai nyingi kuliko oveklokingi inavyoua.

Feni zinazunguka na kioo ni cheusi: hiyo ndiyo dalili ya kasi iliyopitiliza, hasa ya ramu. Madabodi nyingi za miaka ya karibuni zina vitaa vinne vidogo pembeni vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Kitaa kinachobaki kimewaka ndicho kinachokwambia imekwama wapi. Bodi za zamani hulia milio badala ya taa, na maana ya milio hiyo imo kwenye kitabu cha bodi husika.

Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe mara mbili tatu, iache. Bodi nyingi zikishindwa kuanza mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye mipangilio ya kiwandani. Mashine mpya zenye ramu ya DDR5 zinahitaji subira zaidi, kwa sababu zinaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa zikijifunza ramu. Nimeona watu wakizima katikati ya shughuli hiyo, wakawasha, wakazima tena, na kila mara mashine inaanza upya ilikotoka.

Kuna kosa jingine dogo linalopoteza siku nzima. Prosesa kama Ryzen 5 3600 haina grafiki ndani yake. Ukichomeka waya wa monita kwenye tundu la madabodi badala ya kadi ya grafiki, kioo kitabaki cheusi hata mashine ikiwa nzima. Angalia hilo kabla hujafungua kitu chochote.

Kama Windows inafunguka kisha inakuja skrini ya bluu ya hitilafu, au mashine inazima ukiipa kazi nzito, ruka hatua ya tatu uende ya nne. Windows usiifungue tena kwa sasa.

Hatua ya 3: Futa mipangilio ya bayosi

Mashine iwe imechomolewa. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe. Gusa chuma kitupu cha kesi kwa mkono, ndipo uingize mikono ndani.

Tafuta kwenye bodi pini mbili au tatu zilizosimama peke yake, na pembeni yake pameandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1. Tumia tochi ya simu, maana maandishi ni madogo na mara nyingi yamefichwa na waya. Zikiwa pini mbili, zigusanishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10 hivi. Zikiwa tatu, juu ya mbili kati yake kuna kofia ndogo ya plastiki, yaani jampa. Ihamishie kwenye jozi ya pili, subiri, kisha irudishe ilikokuwa. Usiwashe mashine jampa ikiwa bado upande wa kufutia.

Pini zisipoonekana, toa betri. Ni ile duara ya rangi ya fedha, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032. Kwa yule kijana kadi ya grafiki ilikuwa imeifunika yote, ikabidi kadi itoke kwanza. Unafungua skrubu ya nyuma, unabonyeza kile kibanio cha mwisho wa tundu mpaka kilie "tak", ndipo kadi inanyanyuka. Ukiivuta kabla kibanio hakijalia unaweza kung'oa tundu zima. Betri nayo usiibetue kwa nguvu. Pembeni yake kuna ulimi wa chuma. Usukume kwa ukucha kuelekea nje, na betri inaruka yenyewe. Iache nje dakika 10.

Ikiwa nje, ipime kama una mita. Betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa imeshuka hadi karibu 2.7, nunua mpya. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa mjini zimetoka nje zikiwa zimetumika miaka, na betri ni ileile ya siku ya kwanza. Unaporudisha, upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu.

Rudisha kadi, chomeka, washa, na ngoja walau dakika tatu kabla hujakata tamaa.

Bado nyeusi? Punguza mzigo. Toa ramu zote, bakiza moja, uiweke kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama bodi ina matundu manne. Chomoa diski za ziada, flashi, printa, kila kisichohitajika kuwasha. Jaribu. Badilisha ramu kwa ile nyingine. Jaribu. Badilisha tundu. Jaribu. Kila mara badilisha kitu kimoja tu, na uandike matokeo. Ukimaliza mizunguko hiyo yote na hakuna picha, sasa ndipo pa kushuku prosesa au bodi, na kazi hiyo inataka prosesa nyingine ya kujaribia. Mpelekee fundi na daftari lako. Litampunguzia nusu ya kazi.

Mashine ya kijana iliwaka mara ya kwanza baada ya betri kurudi. Nilimwona mabega yakishuka.

Hatua ya 4: Ikiwaka, ingia bayosi kwanza

Picha ikija, bonyeza Delete au F2 kwa kurudiarudia uingie bayosi. Chagua palipoandikwa Load Optimized Defaults, hata kama umeshafuta kwa betri. XMP, ule mpangilio unaoipandisha ramu hadi kasi iliyoandikwa juu yake, usiiwashe kwa sasa, na kwa Ryzen mpya EXPO pia. Watu wengi hawajui kwamba XMP yenyewe ni oveklokingi. Ramu ya DDR4 ya 3,200 sasa inaweza kusoma 2,133 au 2,400. Isikushtue, ndiyo kasi yake ya kuanzia.

Halafu kagua vitu vinne ambavyo kufuta bayosi huviharibu.

Cha kwanza ni saa na tarehe. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, tovuti nyingi zitakataa kufunguka na utadhani bando limeisha.

Cha pili ni namna ya kuwasha, yaani UEFI au ile ya zamani, na cha tatu ni namna diski inavyosomwa, AHCI au RAID. Zikibadilika, Windows inaweza isionekane kabisa, au ikaja skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapa ndipo watu hupoteza kila kitu. Wanaamini diski imekufa, wanaweka Windows upya, wanafuta kazi za miaka mitatu. Rudisha mpangilio uliokuwepo, na mara nyingi Windows inafunguka kama vile hakuna kilichotokea. Nakusihi, usiformati diski kwa sababu ya ujumbe huo.

Cha nne ni BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski. Kama diski imefungwa, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wengi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft, na unaweza kuutazama kwa simu. Na ikiwa bodi itakuuliza kama ifute fTPM, sehemu inayotunza funguo za namna hiyo, huku huna ufunguo huo mkononi, jibu hapana.

Hatua ya 5: Okoa mafaili kabla ya kutengeneza lolote

Kila faili unaloandika kwenye diski hupitia kwenye ramu. Ramu iliyosukumwa kupita uwezo wake hukosea biti moja hapa, biti moja pale, yaani sifuri inageuka moja au moja inageuka sifuri. Biti hiyo ikiangukia kwenye programu, utaona skrini ya bluu. Ikiangukia katikati ya video ya bibi harusi akiingia ukumbini, hutaona kitu mpaka siku familia imekaa sebuleni kutazama.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ukishapata Windows ni kutoa mafaili yako. Njia ya salama kabisa ni kuchomoa diski na kuisomea kwenye mashine nyingine unayoiamini. Kama huna, nakili kwenye diski ya nje mashine ikiwa kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha hakikisha nakala ni sawa na chanzo. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), ingia kwenye folda ya faili, andika:

certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256

Mashine itasoma faili zima na kutoa msururu wa herufi na namba 64. Toa amri hiyohiyo kwa ile nakala. Misururu ikifanana herufi kwa herufi, nakala ni kamili. Ikitofautiana, nakala ni mbovu, hata kama video inafunguka.

Amri hiyo ina faida nyingine. Itoe mara mbili kwa faili lilelile, bila kuligusa. Majibu yakitofautiana, mashine yenyewe inasema uongo, na hupaswi kuandika chochote kwenye diski mpaka umeijua ramu. Chagua faili kubwa kuliko ramu yote uliyonayo, kwa mfano la GB 20 kwa mashine yenye ramu ya GB 16. Faili dogo hubaki kwenye kumbukumbu baada ya kusomwa mara ya kwanza, na mara ya pili mashine haiendi tena kwenye diski.

Kisha jiulize: ni mafaili gani niliyaandika tangu siku niliyopandisha kasi? Hayo yote ni ya kushukiwa. Panga folda kwa tarehe, uyafungue moja moja. Kijana wetu alikuwa na siku mbili za namna hiyo kabla mashine haijagoma kabisa, maana alianza na 3,733 ikawaka, akanogewa akaenda 3,800. Katika siku hizo mbili alinakili kadi za kamera za ukumbini. Tulipopitia tukakuta klipu tatu zina miraba ya kijani na zambarau inayopita usoni mwa watu. Nikamuuliza kadi ziko wapi. Mbili zilikuwa bado mfukoni mwake, hajazifuta. Tukanakili upya kwenye laptopu yangu, klipu zikawa safi. Kadi ya tatu alikuwa ameshaiformati kwa kazi nyingine. Bahati ilikuwa na picha za maandalizi tu, na nakala zake zilikuwa nzima.

Mpiga video yeyote anayesoma hapa, kadi ya kamera usiifute mpaka umelinganisha hiyo misururu.

Hatua ya 6: Pima ramu, usiku kucha

Tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye mashine nyingine, uwashie kutoka kwenye flashi hiyo. Toleo la bure linapima mizunguko minne. Iache imalize yote. Kwa GB 16 ni kazi ya saa kadhaa, kwa hiyo ianzishe jioni ulale. Kosa moja ni kosa. Usijiambie "limetokea moja tu kati ya mamilioni", kwa sababu moja hilo ndilo mraba wa zambarau.

Makosa yakitokea kwenye kasi ya kiwandani, pima ramu moja moja, kisha tundu moja moja, ujue mgonjwa ni nani. Yakiwa hayapo kwenye kasi ya kiwandani, ramu yako ni nzima na tatizo lilikuwa namba ulizoipa.

Na usitengeneze Windows kabla ya hatua hii. Miaka kadhaa nyuma nililetewa mashine inayopiga bluu, nikakimbilia kurekebisha diski na mafaili ya mfumo kwanza. Ramu ilikuwa mbovu. Kila nilichorekebisha kiliandikwa upya kwa makosa, na picha za mteja ambazo asubuhi zilikuwa zinafunguka, jioni hazikufunguka. Nililazimika kumwambia uso kwa uso. Tangu siku hiyo mfuatano wangu ni mmoja: mafaili, ramu, halafu Windows.

Hatua ya 7: Safisha Windows

Anza na programu zinazopandisha kasi zenyewe: Ryzen Master, Intel XTU, MSI Afterburner na ndugu zao. Kuna mtu anafuta bayosi mara tano, na kila Windows ikifunguka, programu inarudisha namba zilezile mbaya. Kama Windows haikai muda wa kutosha kuziondoa, ingia kwa hali salama (Safe Mode): shikilia Shift huku ukichagua Restart, au, ikishindwa kuanza mara chache mfululizo, itakuletea yenyewe menyu ya kujitengeneza.

Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, utoe amri hizi kwa mfuatano, moja ikiisha ndipo nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow
chkdsk C: /f

Ya kwanza inaweza kupakua vitu kwenye intaneti, kwa hiyo uwe na bando. Ya tatu itaomba kufanya kazi mashine ikiwaka tena, kubali.

Ukitaka ushahidi, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, uangalie upande wa System. Ukikuta maneno WHEA-Logger, vifaa vyenyewe vimeripoti makosa, na hiyo inaelekeza kwenye kasi au volti. Ukikuta Kernel-Power 41, usihukumu haraka. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, na kila umeme unapokatika bila UPS inaandikwa hiyohiyo. Linganisha saa yake na saa umeme ulipokatika mtaani.

Kama ulichopandisha ni kadi ya grafiki, kazi ni nyepesi: rudisha namba zake kwa kitufe cha Reset ndani ya Afterburner na uzime kile kipengele cha kuzitumia kila Windows inapofunguka. Vidoti vya rangi vikibaki hata kwenye skrini ya bayosi, kadi yenyewe ina madhara na hakuna programu itakayoyaondoa.

Hatua ya 8: Joto la hapa si la kule

Mahali ni sehemu ya kipimo, na wanaoiga namba za video husahau hilo. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Chukua 4.0 GHz kwa volti 1.25, uipeleke 4.4 kwa 1.40. Kasi imeongezeka asilimia 10. Joto la kuondolewa limeongezeka karibu asilimia 38. Aliyerekodi ile video huenda chumba chake ni nyuzi 18. Chumba cha kijana wa Mabatini kiko chini ya bati, saa nane mchana ni nyuzi 32 au zaidi, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka pia, takriban, kwenye prosesa. Tena Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na feni ileile kwa mzunguko uleule inabeba joto pungufu kidogo.

Halafu kuna wadudu. Wale wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi na kufuata taa usiku, anayekaa karibu na maji anawajua. Nilipotoa feni ya prosesa ya kijana, mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachoipoza prosesa, yalikuwa yamezibwa na mkeka wa kijivu: vumbi, na ndani ya vumbi mamia ya wadudu waliokauka, mabawa yakiwa bado yanaonekana. Safisha kwa brashi laini na blowa, huku umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na upepo. Kama hitisinki imetoka, futa pesti ya zamani (ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto) kwa spiriti na weka mpya kiasi cha punje ya dengu.

Baada ya hapo fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na volti, uipe mashine kazi nzito nusu saa, mchana, madirisha kama unavyoyaacha siku zote. Ryzen 5 3600 kikomo chake ni nyuzi 95, Intel nyingi 100. Mimi sipendi kuona zaidi ya 85 mchana wa jua kali, maana siku ya joto zaidi ipo. Ukiona volti ya Ryzen inaruka hadi 1.4 na kidogo wakati hakuna kazi, usiogope. Prosesa hizo hujipandisha hivyo kwa muda mfupi zenyewe. Hatari ni kuifunga kwenye volti hiyo muda wote chini ya mzigo mzito.

Hatua ya 9: Kama bado unataka kasi

Washa XMP peke yake, kwa kasi iliyoandikwa kwenye ramu. Pima kwa MemTest86 tena, usiku mzima mwingine. Tumia wiki moja. Prosesa iache ijipandishe yenyewe.

Kisha piga hesabu kabla ya kuendelea, kama nilivyopiga na kijana mezani. Kutoka 4.0 kwenda 4.4 ni asilimia 10. Saa tano ni dakika 300. Hata kazi yote ikitegemea prosesa tu, utamaliza kwa dakika 273. Umeokoa dakika 27, na umeme uliokuwa ukimkatizia saa ya tatu ungemkatizia bado. Alikuwa na kadi ya grafiki ya NVIDIA yenye kisimbaji chake cha video, yaani sehemu inayoweza kurenda badala ya prosesa, na programu yake ya kuhariri ilikuwa na kipengele cha kukitumia ambacho hakuwahi kukigusa. Tulikiwasha, tukakata video vipande sita ili kila kimoja kirendwe na kuhifadhiwa kivyake, na viunganishwe mwishoni.

Jumamosi mchana alirenda. Umeme ulikatika mara moja, akapoteza kipande cha nne, akakirudia.

Kabla hajaweka video kwenye flashi ya wageni, nilimwona anafungua lile dirisha jeusi na kuandika certutil bila kuambiwa. Alilinganisha misururu miwili herufi kwa herufi, kidole kikitembea kwenye kioo, ndipo akachomoa flashi na kuifunga kwenye bahasha.